Ratha za Mahabalipuram hazikujengwa, zilichongwa

Mwandishi wa makala hii anasema mahekalu yote ya Mahabalipuram, mji wa pwani kusini mwa India, yalijengwa kwa mawe yaliyopangwa. Si kweli. Nilifika huko nilipompeleka mama kutibiwa Chennai, mwendo wa kilomita 60 hivi. Lile la ufukweni, sawa, ni vipande vya granaiti vilivyopangwa mwanzoni mwa karne ya 8. Lakini yale matano yaitwayo ratha (yaani magari ya kukokotwa) hayana kiungo hata kimoja: mafundi wa wafalme wa Pallava, nasaba ya zamani ya kusini mwa India, walichonga mwamba palepale ulipo, wakianzia juu kushuka chini, ndiyo maana baadhi chini bado ni jiwe ghafi. Nilizunguka nikitafuta mahali pa kuunganishia, sikupaona. Na yule tembo wa jiwe pembeni, subhanallah! Waliofika mapango ya kuchongwa ya Elephanta, kisiwani karibu na Mumbai, kazi yake inafikia hii?