Maharage bei rahisi, mkaa ndo unatumaliza

Kila nikishika simu nakutana na mtu anatufundisha kula, asubuhi parachichi na yai la kuchemsha, mchana samaki wa kuoka, jioni saladi, alafu ukijisikia kutafuna kitu tafuna korosho. Haya. Mi naishi Mbagala, chumba cha kupanga, nakaa na mama, jiko letu la mkaa liko koridoni, oveni naionaga kwa watu, na hizo korosho hata wanaozilima kule Mtwara sidhani kama wanazitafuna hovyo hivyo.

Ila wakisema chakula cha afya ni ghali nakataa. Matembele, kisamvu, mlenda, dagaa, maharage, dona, hivi si ndo tulikuwa tunavifunika mgeni akipiga hodi? Vyenyewe bei yake unaimudu, kinachokukamata ni vile vinavyoongozana navyo.

Chukua maharage. Nusu kilo sisi wawili tunakula siku mbili, lakini ukikutana na yale yaliyokaa stoo muda mrefu unayabandika saa tisa, saa kumi na mbili mkaa wa buku mbili umeisha na ukibonyeza moja bado gumu kama kokoto. Ndo maana jirani yangu akirudi usiku ananunulia watoto chips, na wapo watakaosema maskini hajui kula, anajua sana yule, keshapiga hesabu ya mkaa kabla yako. Mi siku hizi nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, nabandika, yakishachemka vizuri na kulainika nafunika naacha yamalizikie na makaa yanayozima. Nimeokoa mkaa mwingi tu. Kisamvu lakini usijaribu kukikatia kona, kibichi kina sumu kama ya muhogo, kitwangwe na kichemke mpaka kiive hasa.

Dona nayo nasagisha mwenyewe mashineni, na kabla ya kupeleka nakaa kibarazani na ungo nachambua punje moja moja, yenye ukungu natupa, maana mwaka 2016 watu walikufa kule Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na sitaki mchezo nayo. Hiyo kazi inakula saa nzima ya Jumapili. Mchicha wa jero ndo sijui niseme nini, mwingine wa hapa mjini unalimwa bonde la Msimbazi na uchafu wa maji ya ule mto wote tunaujua. Nikimuuliza mama wa genge huu umetoka wapi ananiambia umetoka shambani, basi naosha mara tatu nakula, nifanyeje.

Kwenye dawa za asili mambo ni yale yale. Sizipingi kabisa, mafua yakinibana nachemsha tangawizi na ndimu, na nyuma ya nyumba kuna mlonge tunachuma majani bure tunachanganya kwenye mboga. Lakini mnakumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo, 2011, yule mchungaji aliyesema dawa yake ya mizizi inatibu magonjwa sugu? Kikombe shilingi 500! Nani asiyeweza 500, ila kufika kijijini kwake Samunge ndo ilikuwa shughuli, watu waliuza mbuzi wapate nauli wakalala siku kadhaa kwenye foleni ya magari porini, na wengine wakirudi wakaacha dawa zao za hospitali.

Mi nilidhani sisi tumeshajanjaruka. Mwaka jana mama, ana presha miaka mingi, alipita stendi akamkuta jamaa na spika yake anatangaza dawa ya mitishamba, inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, vyote kwenye chupa moja. Elfu thelathini na tano. Alitoa hela ya mchezo alioupokea juzi yake, na jamaa akamwambia usichanganye na vidonge dawa haitafanya kazi, mama wa watu akaviweka vidonge chini ya godoro. Siku ya tisa nimerudi nikamkuta amekaa kitandani kashika kichwa, anasema haoni vizuri. Zahanati walimpima mia tisini kwa mia na kumi, nesi akaniangalia mimi kama ndo niliyemuuzia.

Vidonge vyake vya mwezi havifiki hata robo ya bei ya ile chupa. Nilimuuliza mama kwanini hukuniambia, akasema mwanangu yule kijana alinisikiliza, pale hospitali nakaa kwenye benchi kuanzia saa moja, daktari haniulizi hata nimelalaje. Hapo nilinyamaza.

Saivi anameza vidonge vyake usiku na chumvi tumepunguza, mlonge wake anakula vile vile. Ile chupa tuliiosha tunawekea mafuta ya kula, na kila ninapoishika ananiambia taratibu, usije ukaivunja, ya bei mbaya hiyo.