Abiria Asigombaniwe Kituoni

Jana jioni, kwenye kituo cha Wilmslow Road hapa Manchester, mabasi mawili ya njano yalifika yakifuatana, na la nyuma likasubiri kimya hadi la mbele lilipomaliza kupakia. Hakuna aliyenivuta mkono. Niliona wivu, kisha nikakasirika kwa ajili ya watu wa Mbagala, Dar es Salaam.

Najua nitaambiwa nimekaa Ulaya kidogo nikasahau kugombea dirisha la daladala. Sijasahau. Waingereza walipofungua soko la mabasi nje ya London mwaka 1986, kampuni zilirundikana kwenye barabara hii hii yenye wanafunzi wengi wa vyuo, zikinyang'anyana abiria. Basi tusiseme tatizo ni hulka yetu. Tatizo ni namna dereva anavyopata riziki yake. Wetu anatoka alfajiri akidaiwa hesabu ya siku ya tajiri mwenye gari, mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho wanachogawana na konda. Mtu huyo atampaje mwanafunzi nafasi, na ataachaje kukatisha ruti?

Kati ya Septemba 2023 na Januari 2025, mamlaka ya hapa ilichukua usimamizi wa mabasi yote: inapanga njia, ratiba na nauli, inapokea mapato, na kampuni binafsi zinashindania zabuni ya kuendesha. Ushindani upo, tena mkali, ila unaisha kabla basi halijaingia barabarani.

"UDA je?" mtaniuliza. Ni kweli, mabasi hayo ya umma ya Dar es Salaam yalitushinda hadi watu binafsi wakaruhusiwa mwaka 1983, na ndiyo maana sisemi serikali iendeshe. Lakini hata mabasi ya mwendokasi, yenye barabara yake maalumu, yalipoanza Mei 2016, daladala ziliondolewa njia ya Kimara na kwa miaka mingi akabaki mwendeshaji mmoja, asiye na wa kumkimbiza. Wenye daladala waungane, washindanie mikataba ya ruti, walipwe kwa kilomita, na dereva apate mshahara.

Likizo iliyopita nilikaa kiti cha mbele kwenye daladala ya kijana mmoja deiwaka, yaani dereva wa kibarua cha siku. Saa saba mchana alikuwa hajafikisha nusu ya hesabu. Kila alipoipita gari nyingine kwa nguvu alinigeukia na kusema, "Samahani, kaka," kisha akakanyaga tena mafuta.