Kabla ya sofa la msimu, itazame mbuzi ya nazi

Jikoni kwa bibi yangu, Mikindani, kuna mbuzi ya kukunia nazi inayoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Imekula chumvi nyingi kuliko mama yangu. Ni vibao viwili tu. Kimoja kimetobolewa mwanya katikati, kingine kimepita humo, na ukivifungua vinapishana na kusimama. Mbele umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Ukimaliza kukuna unavikunja, vinalala bapa, unairudisha msumarini. Haina gundi wala skrubu. Uzito wa anayeikalia ndio unaoikaza: kadiri unavyoielemea, ndivyo inavyozidi kutulia.

Wiki iliyopita niliishusha, nikawa naikunja na kuikunjua kwa muda mrefu, hadi bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, unatafuta nini humo?"

Nikamwambia nataka kujua aliyeitengeneza aliwaza nini.

"Aliwaza mkunaji atakaa wapi," akasema. "Na jiko lenyewe unaliona lilivyo dogo."

Wabunifu wa samani wana kanuni wanayopenda kuirudia: umbo la kitu lifuate kazi yake. Mwaka 1896 msanifu majengo wa Marekani, Louis Sullivan, aliiandika alipokuwa akizungumzia majengo ya ofisi yenye maghorofa mengi. Baadaye chuo cha Bauhaus, kilichofunguliwa Weimar nchini Ujerumani mwaka 1919, kikafundisha kizazi kizima kutengeneza viti, meza na taa kwa mawazo ya namna hiyo. Nakubaliana na kanuni hiyo kabisa. Nisichokubali ni mtu wa Mtwara kuambiwa kwamba ni habari ngeni iliyoshuka na meli.

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba na malipo ya minada yakaanza kuingia, miji yetu inabadilika. Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba, kote utaona fuso zimetoka Dar es Salaam zimebeba makochi yaliyofungwa nailoni. Sofa la umbo la L linaingizwa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango unang'olewa bawaba ili lipite, na likishakaa, watoto wanaruka juu yake kwenda dirishani. Simlaumu mkulima. Amepulizia dawa, ameokota, amesubiri malipo yake. Ana haki ya kukalia kitu kizuri. Ninachouliza ni kama kizuri ndicho hicho alichouziwa.

Nauliza kwa sababu nami nimenunua. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kabati la nguo la milango mitatu, jeupe, lenye kioo kirefu, na muuzaji akanihakikishia kuwa ni la kisasa. Lilikuwa la MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi hadi zikawa ubao, kisha ukabandikwa karatasi laini juu. Masika ya kwanza tu, unyevu ukapanda kutoka sakafuni kwenye nyumba niliyopanga Chikongola, na sehemu ya chini ya kabati ikavimba kama andazi lililoloweshwa kwenye chai. Nilipohama, skrubu zilichomoka na unga wake. Nikamwita fundi seremala. Alibonyeza pembeni kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Kaka, hapa hakuna mbao ya kushika msumari. Nikichukua hela yako nitakuwa nimekuibia." Akaondoka bila kudai hata nauli.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lile kabati liliishia jalalani, kwa sababu hata kwa kuni halikufaa, kwa moshi wa ile gundi. Gundi zinazotumika mara nyingi kwenye mbao za aina hii huwa na fomaldehidi, gesi inayoendelea kutoka kidogo kidogo ndani ya nyumba, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Zipo mbao zilizotengenezwa kwa kiwango kidogo sana cha gesi hiyo. Lakini katika maduka yote niliyoingia hapa mjini sijaona hata moja lililobandika kiwango chake, na nilipouliza nilijibiwa kwa rangi zilizopo.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja. Samani rafiki wa mazingira ni ile ambayo fundi wa mtaani kwangu anaweza kuifungua, akatoa kilichochoka, akatia kipya, akairudisha. Kitu kikishindwa hapo, hata kiwe na nembo ya jani la kijani, mimi nakihesabu kuwa takataka iliyochelewa kutupwa.

Mjomba wangu, anayekaa Lindi, bado analalia kitanda cha kamba. Januari nilimkuta uani anakiwamba upya. Kwa wasiowahi kukaa karibu na kitanda hicho: matendegu manne, yaani miguu yake, yametobolewa matundu, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni vimechongwa ndimi zinazoingia kwenye matundu hayo, na hakuna msumari. Kamba ndiyo inayovuta kila kitu kikabaki mahali pake. Mjomba aliukanyaga mfumbati kwa mguu, akavuta kamba hadi mishipa ya shingo ikatokeza, kisha akaichapa kwa kijiti na kutega sikio. Kamba iliyolegea ilitoa sauti nzito, ya kuchoka. Iliyokaza ililia kavu, na hapo ndipo alipohamia mstari unaofuata.

"Mjomba, kitanda hiki cha mwaka gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Unauliza kipi, mjomba? Matendegu ni ya marehemu baba. Mfumbati wa upande huu niliuchonga mimi, ule wa kwanza uliliwa na mchwa. Kamba ni za jana."

Kamba zenyewe ni za usumba: makumbi ya nazi yaliyozikwa kwenye tope la bahari kwa miezi, yakapondwa, yakasukwa kwa viganja. Ukilalia kamba hizo, upepo unapita chini yako. Kwa joto la Lindi la Februari, hilo ni jambo kubwa kuliko godoro la sponji lenye unene wa inchi nane. Na kunguni wakiingia, kitanda kinatolewa juani, kinamwagiwa maji ya moto, jioni kinarudi ndani.

Wazungu waliofanya vizuri katika kazi hii walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1859 kampuni ya Michael Thonet, huko Austria, ilitoa kiti namba 14 cha mbao zilizokunjwa kwa mvuke. Kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Kikiwa hakijaunganishwa, viti 36 vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa dunia nzima na kuunganishwa hukohuko vilikokwenda. Nikiona fuso lililojaa makochi linateremka kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500, nawaza kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule ni hewa, na nauli ya hewa hiyo tumeilipa sisi kwa hela ya korosho. Mfini Alvar Aalto naye, mwaka 1933, alitengeneza stuli ya miguu mitatu inayopangwa moja juu ya nyingine, kwa mti wa birchi, mti unaojaa kwenye misitu ya kwao. Hakusubiri mninga. Alianza na mti uliokuwa mlangoni kwake, akautafutia namna ya kuupinda ili ubebe mtu.

Mlangoni kwetu kuna nini?

Wengi watajibu mninga na mkongo, nami nazipenda mbao hizo. Kitanda cha mninga kikichongwa vizuri mjukuu atakirithi. Lakini nimechoka kusikia kwamba kitu ni rafiki wa mazingira kwa kuwa tu ni cha mti wa asili. Mti gani, umekatwa wapi, na nani amefaidika? Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Huwezi kuufanya mguu wa meza ya televisheni kwa sababu tu rangi yake inapendeza. Wenzetu wa Kilwa wameonyesha inavyowezekana: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao ya asili wanayoisimamia wenyewe, vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili ya namna hiyo. Mbao ya msitu kama huo nitailipia zaidi, na nitamuuliza muuzaji karatasi zake bila aibu.

Ila kwa samani za kila siku, jibu langu ni mnazi. Pwani yote ya kusini imejaa minazi iliyozeeka, na mingine iliyokufa kwa ugonjwa, imebaki magogo yasiyo na makuti kama nguzo za umeme zilizosahauliwa. Mnazi ukishapita miaka 60 mavuno yake hupungua, na gogo likiachwa lioze ndilo linalokuwa mazalia ya wale mende wenye pembe wanaotoboa vilele vya minazi mizima. Kulipasua mbao ni kumsaidia mwenye shamba mara mbili. Mti wenyewe hauna matawi, kwa hiyo mbao yake haina vifundo. Nje ni mgumu, hasa kuelekea shinani, ndani ni laini. Hilo halitaki kulalamikiwa, linataka kubuniwa: sehemu ya nje iwe miguu na mifumbati, ya kati ifanye kazi nyepesi, moyo wake uachwe.

Nilimpelekea wazo hili fundi mmoja mzee mwenye karakana Magomeni, hapahapa Mtwara. Alinisikiliza huku akipiga randa.

"Mwanangu, mnazi unamaliza meno ya msumeno," akasema. "Na mteja akisikia mnazi, kichwani anaona boriti za banda."

La kwanza ni la kweli kabisa, mnazi unafubaza msumeno wa kawaida haraka mno, na vyuo vyetu vya ufundi vingefanya la maana kuwapa mafundi misumeno yenye meno magumu na kuwafundisha kukausha mbao hii kabla haijaota ukungu. La pili ni letu wateja. Tumejizoesha kuona aibu na vitu tulivyokulia. Usiache mbachao kwa msala upitao, tunawaambia watoto, kisha tunachoma mkeka wa milala tununue zulia la plastiki.

Kuna na maganda ya korosho. Mtu yeyote wa huku aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Mafuta hayohayo viwandani hutengenezewa vanishi, rangi na vifaa vya breki, na mchwa hawayapendi. Sisi sehemu kubwa ya korosho yetu tunaiuza India na Vietnam ikiwa bado na ganda, kisha tunanunua makopo ya vanishi na dawa ya mchwa kutoka nje. Jambo hili linanikera kuliko yote niliyoandika hapa. Mti wenyewe wa mkorosho ni mfupi, umejikunja, na bungua wanaupenda, kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba utatoa kitanda. Matawi yanayokatwa mikorosho inapofufuliwa yanaweza kutoa vikalio vya vigoda na vitu vidogo vya ndani, basi.

Kipimo changu cha fundi wa mtaani kinayahusu madawati ya shule pia. Kila mwaka tunachangishana, kila mwaka yanavunjika pale pale yalipounganishwa, na yaliyovunjika yanarundikwa nyuma ya darasa. Dawati lenye kiungo kinachogongwa kabari lingerekebishwa na mwanafunzi wa darasa la sita.

Yule fundi mwishowe alikubali. Tulipatana anitengenezee benchi: miguu na mifumbati ya mnazi, kikalio cha kamba za milala zilizosukwa na mama jirani yake, viungo vyote vya ulimi na kabari, bila gundi. Alitaka malipo ya awali anoe misumeno, nikampa. Lilipokamilika lilikuwa na madoa marefu ya kahawia kama mvua inayonyesha kwa mbali, na mkono wangu haukutaka kuondoka juu yake.

Baada ya wiki tatu mguu mmoja ukajipinda. Mti ulikuwa haujakauka vya kutosha. Nikalifunga benchi kwenye baiskeli, nikampelekea. Aligonga kabari kwa nyundo ya mti, mguu ukachomoka. Akachukua kipande kingine kilichokuwa kimeegemezwa ukutani tangu Machi, akakilaza juu ya ule mguu wa kwanza, akachora kwa penseli, akakaa chini na patasi. Adhana ya magharibi ilitukuta tumelikalia benchi lilelile, tunakunywa chai, na mguu uliojipinda ulikuwa umeshaingia jikoni kwake, unachemsha birika la pili.