Makongamano ya usalama wa mitambo na mafundi wa Kibirizi

Makongamano makubwa ya wahandisi wa usalama wa mitambo hufanyika mbali na sisi. ESREL hukutana kila mwaka, mara nyingi katika miji ya Ulaya; RAMS ni la Marekani; PSAM huja kila baada ya miaka miwili na huhama nchi hadi nchi. Wanaokwenda huko kazi yao ni kukadiria kifaa kitadumu muda gani, kitaharibika kwa njia gani, na kikiharibika nani ataumia. Kigoma, mji unaotegemea reli moja na ziwa lenye kina cha mita 1,470, una kila sababu ya kulijali somo hilo. Swali ni la fedha: gharama ya kumpeleka mhandisi mmoja Ulaya kwa siku chache inaturudia kwa namna yoyote, au ingefaa zaidi kununulia majaketi ya uokozi?

Wanaoyatetea makongamano haya wana hoja nzito. Mbinu za usalama huzaliwa katika sekta moja zikaja kuokoa watu katika sekta nyingine, na hazivuki zenyewe. Mwaka 1962 H. A. Watson wa Bell Labs alibuni mchoro wa kutafuta vyanzo vya ajali uitwao mti wa hitilafu, kwa ajili ya makombora ya Minuteman ya Marekani. Miaka mitatu baadaye Boeing na Chuo Kikuu cha Washington waliandaa mkutano mjini Seattle, na mbinu hiyo ikaelezwa mbele ya watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na makombora. Leo inatumika kwenye ndege, vinu vya nyuklia na reli. Unaanza na balaa lenyewe, juu kabisa, kisha unashuka ukiuliza: ili hili litokee, nini lazima kiwe kimeshindwa?

Tuilete Kibirizi, bandari ya boti hapa Kigoma. Boti ya abiria ina injini mbili, na nahodha ana imani kwamba moja ikizima atarudi nchi kavu kwa ile nyingine. Chora mti wake. Juu andika: boti imekosa nguvu katikati ya ziwa. Chini yake: injini ya kwanza imezima, na ya pili imezima. Kwa hesabu ya haraka hilo ni jambo la nadra sana. Sasa shuka hatua moja zaidi, utakuta injini zote mbili zinavuta petroli kwenye dumu moja. Maji yakiingia kwenye dumu hilo zitazima kwa kufuatana, na kama ni kiangazi, upepo wa kusini ukiwa umeshachachamaa, boti itageuka ubavu kwenye mawimbi ikiwa na abiria wote. Ile injini ya pili haikuwa akiba hata siku moja. Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, ilikuwa habari hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha: majenereta ya dharura yalikuwepo zaidi ya moja, lakini mengi yaliwekwa sehemu za chini ambako tsunami moja iliyafikia yote.

Lakini fundi wa Kibirizi hahitaji kusikia habari za Fukushima ili alijue hilo. Muulize, atakwambia utenganishe madumu, uweke chujio kwa kila injini, na usimimine petroli hadi tone la mwisho, maana maji hukaa chini. Atakwambia pia kwamba pampu ya kupozea injini huliwa upesi na mchanga kwa boti zinazokaribia sana ufukwe. Ujuzi huo ni wa kweli na umelipiwa kwa hasara za watu. Haujaandikwa popote, na hakuna kongamano linalomwita mwenye nao.

Hapa ndipo lawama yangu ilipo kali. Hesabu za makongamano hulishwa na takwimu, na takwimu hizo si zetu. OREDA, kanzidata iliyoanza Norway mwaka 1981, hukusanya hitilafu za vifaa vya mafuta na gesi baharini, ili mhandisi aweze kusema valvu ya aina fulani huharibika mara ngapi kwa kila saa milioni za kazi. Ni kazi ya kuheshimika. Ila namba hizo ni za mitambo inayohudumiwa kwa ratiba, kwa vipuri halisi. Zihamishie kwenye pampu ya huku, yenye kipuri cha kuchongesha na mafuta machafu, utapata jibu lenye desimali tatu lisilo na ukweli ndani yake.

MV Liemba, meli kongwe ya ziwa letu, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, baada ya kuzipaka injini grisi ili zisiliwe na maji; Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli ya namna hiyo hailinganishwi na nyingine kwa takwimu za kawaida. Anayejua imechoka wapi ni yule aliyekesha kwenye chumba cha injini na kuandika alichokiona. Kama hakuandika, profesa wa ESREL hana la kumsaidia.

Hata hivyo siwezi kusema makongamano ni kazi bure, na kinachonizuia ni Piper Alpha. Hilo lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini. Tarehe 6 Julai 1988, mchana, mafundi walitoa valvu ya usalama ya pampu moja kwa matengenezo na kuziba nafasi yake kwa kifuniko kisichokazwa sawasawa. Usiku pampu ya pili ilipokorofisha, zamu mpya ikatafuta kibali cha kazi cha ile ya kwanza, yaani karatasi inayoonyesha kinachotengenezwa. Walikiona cha matengenezo ya pampu, ambayo yalikuwa hayajaanza. Cha valvu kilikuwa mahali pengine, na wakati wa kukabidhiana zamu hakuna aliyewaambia. Wakaiwasha. Gesi ikavuja, jukwaa likalipuka, watu 167 wakafa. Ripoti ya Lord Cullen, jaji aliyeichunguza ajali hiyo, ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na kisa hicho kimesimuliwa mbele ya wahandisi wa nchi nyingi hadi kukabidhiana zamu kukawa jambo la kusomewa. Kituo chochote cha umeme, karakana ya treni au wodi ya hospitali mkoani kwetu ina hatari hiyo hiyo kila jioni.

Je, visa vyetu vinasimuliwa wapi kwa undani huo? Tarehe 24 Juni 2002, Igandu mkoani Dodoma, kwenye reli hii hii ya kati, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi mlimani ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, kiunzi kilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa wamenasa ndani, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, ikazama yote. Kila fundi, nahodha na mwokoaji wa nchi hii anapaswa kuvijua visa hivi hatua kwa hatua.

Kuhusu gharama sina haja ya maneno mengi. Ada peke yake ni mamia ya yuro, bado tiketi, viza, hoteli na posho. Fundi hatajwi kwenye orodha ya wasafiri, na mada zote ni za Kiingereza.

Maoni yangu ni kwamba waende, lakini wasiende mikono mitupu. Anayesafiri apeleke kumbukumbu za hitilafu za ziwa na reli yetu, maana huko zinahitajika pia, na akirudi azungumze na mafundi kwa Kiswahili, karakana kwa karakana. Na mkutano wa nyumbani ufanyike Tabora, ambako reli inagawanyika kwenda Mwanza na Kigoma na ambako kuna chuo cha reli. Mafundi wa boti wa Kibirizi wapande treni waje, na nauli yao ilipwe kabla ya nauli ya mgeni rasmi.

Kikwazo kikubwa kitakuwa hofu. Nahodha akisimama mbele ya watu na kusema injini zake mbili zilikuwa zikitumia dumu moja, kesho yake leseni yake iko hatarini. Marekani walilitambua hilo mwaka 1976: taarifa za marubani kuhusu makosa ya angani hupokelewa na NASA, ambayo haina mamlaka ya kuadhibu; majina hufutwa, na aliyeripoti kosa lisilo la kukusudia anaweza kusamehewa adhabu. Kwetu TASAC husimamia vyombo vya majini na LATRA usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo wa kupokea taarifa hizo inabidi awe nje ya taasisi hizo mbili. Chuo cha Tabora kingeweza kuanza na za reli, kabla hata ya ukumbi wa mkutano kutafutwa.