Sungura wa Bell, watoto wa mbwa wa Magendie

Vitabu vya tiba huiita kanuni ya Bell na Magendie: kwenye uti wa mgongo, mizizi ya mbele ya mishipa ya fahamu hupeleka amri za kusogeza viungo, ya nyuma huleta hisia. Ukisoma hivyo utadhani waliketi meza moja. Waligombana, Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uingereza, na François Magendie, mtafiti wa mwili wa Ufaransa, na aliyetoka na jina baya ni huyo Mfaransa.

Jina hilo hakusingiziwa. Mwaka 1824 alikwenda London akapasua wanyama hai mbele ya watazamaji, bila ganzi wala nusukaputi. Etha, dawa ya kulaza mtu wakati wa upasuaji, ilikuwa bado miaka zaidi ya 20 kuanza kutumika. Mwaka uliofuata mbunge Richard Martin akamshutumu bungeni. Simtetei hapo. Alirudia darasani majaribio ambayo majibu yake yalishajulikana, na mnyama aliumia vilevile.

Ila ukatili ni kesi moja, na nani aligundua nini ni kesi nyingine. Waingereza wengi walizisikiliza kwa pamoja.

Madai ya Charles Bell yameegemea kijitabu cha 1811, alichochapisha mwenyewe nakala 100 na kuwagawia marafiki. Mia moja! Watetezi wake watasema uchache wa nakala haufuti kwamba alitangulia. Haya, na tukifungue. Bell anaeleza kwamba alikata mizizi ya nyuma, misuli ya mgongo ikabaki imetulia. Alipoigusa ya mbele kwa ncha ya kisu, misuli ikashtuka papo hapo. Hadi hapo yuko sawa, na sifa hiyo ni yake. Kisha anaharibu: mizizi ya mbele anaiunganisha na ubongo mkubwa na kuipa mwendo pamoja na hisia, ya nyuma anaipa ubongo mdogo na kazi za ndani ya mwili tusizozitambua. Kwamba mizizi ya nyuma ndiyo ya hisia, kijitabu hakisemi.

Kingesemaje? Bell alichukia kupasua wanyama hai. Baadaye alisimulia jinsi alivyompiga sungura nyuma ya sikio akazimia, ndipo akamfungua. Huruma hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini sungura aliyezimia atakuonyeshaje kwamba anaumia au haumii?

Mwaka 1822 Magendie alikuwa na watoto wanane wa mbwa, wa wiki sita. Alikata mizizi ya nyuma, akashona jeraha, akasubiri. Mguu haukusikia kuminywa wala kuchomwa, akadhani umepooza. Mara akauona unasogea. Alipokata ya mbele, mguu ulilegea kabisa ilhali hisia zimebaki. Akachapisha wazi. Na alipoletewa kijitabu cha Bell, alikiri kwamba mwenzake alikaribia. Bell naye, mwaka 1824, alichapisha upya makala zake za nyuma huku maneno yamerekebishwa yafanane na ugunduzi mpya, na watu wakaendelea kumwita muungwana.

Hoja inayonisumbua inatoka Ujerumani. Mwaka 1831 Johannes Müller alitumia vyura, ambao uti wao hufunguka kwa urahisi zaidi, akapata majibu yaleyale. Basi wale mbwa wangeweza kunusurika. Lakini Müller aliushika kisu akijua anachotafuta, na aliyekwisha kukitaja ni Magendie.