Rangi ya Maziwa Ichaguliwe Ukutani, Si Dukani

Nyumba nyingi mpya ninazoingia Goba, Madale na Kigamboni zimepakwa nyeupe tupu ndani, kuanzia sebuleni hadi vyumbani. Mwenye nyumba ukimuuliza, atakwambia nyeupe haikosei. Mimi naona inakosea, tena sana kwa huku kwetu. Saa saba mchana jua la Dar es Salaam likipiga kwenye uwanja wa saruji na mwanga wake kurudi ndani kupitia dirishani, ukuta mweupe tupu unaumiza macho. Watu wanashusha mapazia mchana kweupe, halafu wanawasha taa. Umelipia madirisha makubwa ya aluminiamu ili upate mwanga, kisha rangi ya ukuta inakulazimisha uufukuze.

Rangi ya maziwa, ambayo mafundi wengi wanaiita ofu waiti, inapunguza ukali huo bila kuleta giza. Ni nyeupe ileile, ila imetiwa matone machache ya manjano ya udongo, nyeusi, na pengine nyekundu kidogo. Manjano ikizidi unapata krimu, nyeusi ikizidi unaelekea kwenye kijivu, na nyekundu ikipita kiasi ukuta unaanza kuonekana wa waridi. Ndiyo maana ndoo mbili zenye jina linalofanana, kutoka viwanda viwili, zinaweza kuwa rangi mbili zisizopatana hata kidogo. Jina la kwenye ndoo lisikutie imani.

Wala hili si jambo geni pwani. Nenda Lamu, ingia nyumba moja ya zamani ya mawe. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na zimepigwa lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Mwanga unaingia kwenye ua wa ndani ulio wazi juu, kisha unapita chumba hadi chumba mpaka kufika ndani kabisa, kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kila ukuta una kazi ya kuupokea na kuusogeza mbele. Ukisimama mbele ya zidaka hizo utaona kila kimoja kina ngazi zake za mwanga: ukingo mweupe, chini yake krimu, na kwenye kona ya ndani kijivu laini. Yote hayo ni lipu moja. Nyeupe kali ya kiwandani haikupi utulivu huo. Inang'aa pote sawasawa na kuvifuta vivuli ambavyo ndivyo vinavyoupa ukuta uhai.

Sasa, kuchagua. Mashauri mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa nyumba za Ulaya na Marekani, nayo yanasisitiza kwamba chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi. Kwetu hesabu hiyo haifanyi kazi. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini, na muda wote liko juu sana. Kinachotofautisha vyumba vyetu ni mashariki na magharibi. Chumba cha magharibi kuanzia saa kumi jioni kinajaa mwanga wa dhahabu, na ukiwa umepaka krimu humo, kuta zinageuka siagi. Hapo mimi ningeweka nyeupe yenye chembe ya kijivu. Chumba cha mashariki, kinachopata jua asubuhi halafu kikabaki kivulini mchana kutwa, kinaipokea krimu vizuri sana.

Halafu kuna taa, na hapa ndipo kazi nzuri za rangi zinapoharibika. Angalia boksi la taa kabla hujanunua. Ikiandikwa 6500K, mwanga wake ni mweupe wa kuelekea bluu, ndio uliojaa madukani na ndio watu wanaupenda kwa kuwa unaonekana una nguvu. Chini yake rangi ya maziwa inapoteza joto lake lote, na krimu inaweza kuonekana na ukijani wa kutia huzuni. Ya 3000K inatoa mwanga wa manjano kidogo na kuurudishia ukuta uhai. Ningependa sana watu waache kulaumu rangi kabla ya kubadilisha taa ya sebuleni, kwa sababu taa ni bei ndogo na ndoo ya lita 20 si mchezo.

Vitu vingine pia vinaupaka ukuta bila brashi. Sakafu nyekundu inarusha wekundu kwenye sehemu ya chini ya kuta. Mwembe ulio karibu na dirisha unaleta kijani. Dari ya jipsamu iliyopakwa nyeupe kali inaufanya ukuta wa rangi ya maziwa uonekane mchafu, kana kwamba umepigwa moshi. Mwambie fundi apake dari kwa rangi ileile ya ukuta, au angalau nyeupe isiyo kali. Mafundi wengi watakubishia hapo. Shikilia.

Kwa hiyo usichague kwa kikaratasi cha dukani chenye ukubwa wa kiberiti. Nunua kopo la lita 1, chukua kipande kikubwa cha hadibodi, kipake mara mbili, kiache kikauke kabisa. Kisimamishe ukutani, kisha kihamishe kona nyingine. Kitazame asubuhi, saa saba mchana, jioni jua likishuka, na usiku taa zikiwaka. Usijaribie moja kwa moja juu ya rangi ya zamani, kwa sababu rangi ya pembeni inadanganya jicho. Na lipu mpya iachwe ikauke kama wiki 4 kabla ya kupakwa, vinginevyo chumvi na unyevu vitatoka na mabaka, na kwenye rangi hii laini kila baka linaonekana.

Kwa wenye watoto, usikubali ule mtindo wa shule wa kupaka rangi ya mafuta ya kahawia hadi kiunoni. Unaikata sebule vipande viwili. Chukua silki, ile rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ya rangi ileile, inafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Rangi ya mafuta iache kwenye milango na fremu, na hata huko anza na rangi ya maziwa, kwa sababu nyeupe ya mafuta hugeuka manjano yenyewe, hasa kwenye korido zisizopata mwanga.

Fundi akimaliza, chukua namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye ndoo, iandike kwa kalamu ya maki ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pamoja na jina la kiwanda. Ndoo itageuzwa ya maji kabla mwezi haujaisha, na siku utakapotaka kuziba tundu la msumari utaihitaji namba hiyo.