Mguu wa Kushoto Umepotea Stoo

Mama yangu aliyeko Tanga amewatangazia majirani kwamba mwanawe anauza mikoba ya fahari Dubai. Haniamini ninapomweleza kwamba sijawahi kuuza hata kamba ya kiatu, kwa kuwa mimi ni mtunza stoo, na mteja akiniona kwa bahati mbaya hushtuka kama aliyekutana na jini.

Wateja nawajua kwa namba za miguu tu. Sauti hunijia sikioni: “38 nyeusi, haraka!” Hapo hulazimika kuuliza 38 ya nani, maana viatu vya Italia na vya Ufaransa aghalabu hupishana namba moja, na nguo ndiyo balaa lenyewe: gauni la 42 la Mwitaliano ni 38 kwa Mfaransa na 10 kwa Mwingereza. Mwanamke ni yuleyule, hajanenepa wala hajakonda, lakini ana vipimo vitatu. Nikishashusha jozi sita na kutoka nazo mbio, naambiwa bibi amekwenda kunywa kahawa. Muuzaji, ambaye kamisheni ni yake, hurudi kujitazama kwenye kioo. Mimi hurudi kuvaa glavu nyeupe, nikakijaza kila kiatu karatasi laini na kukitia katika kifuko chake cha kitambaa, utadhani ninakafini.

Juzi usiku tulihesabu mali. Mguu wa kulia wa kiatu kimoja cha hariri ulikuwapo, wa kushoto haupo. Jozi ile ni mshahara wangu wa miezi miwili, pamoja na ile kodi ya asilimia 5 ambayo mtalii akiondoka hurudishiwa sehemu kubwa, nami sirudishiwi hata senti. Tulipekua hadi saa tisa, meneja akinitazama miguu yangu, kana kwamba ningeweza kutoroka nimevaa kiatu kimoja chenye kisigino kirefu. Mfagizi ndiye aliyetuonyesha kidole: kiatu kilikuwa kwenye kabati la maonyesho tangu Jumatatu, kinamulikwa na taa tatu, na daftarini kimetolewa kwa saini yangu.

Niliikalia ngazi yangu nikingoja metro ya kwanza. Nilipokwisha kupata kiti, simu ikalia. Mama alikuwa ametoka kuswali.

“Mwanangu, shangazi yako anautaka ule mkoba mwekundu. Mwambie bosi akukate kidogo kidogo.”